Mama, Sogea Kidogo

"Mama, samahani, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Aliyesema hivyo ni mwenzetu, na mimi sikumkatiza. Tulikuwa kumi na wawili, wanafunzi wa uzamili na marafiki zao, tumesimama kwenye njia ya Morningside juu ya mji wa Morogoro, mto ukinguruma bondeni. Mama alikuwa anashuka kwenda sokoni na tenga la mboga kichwani. Akasogea. Akasimama pembeni, penye utelezi, tenga bado likiwa kichwani, hadi tulipomaliza. "Haya, pandeni salama wanangu," akasema, akaendelea na safari yake. Jioni picha ikapanda mtandaoni na maelezo haya: asili isiyoguswa na mkono wa binadamu.

Ule ulikuwa uongo, na kwa kuwa nilibonyeza kuupenda, nina haki ya kuusema.

Njia ile imeguswa na mikono na miguu kila siku. Ukitoka mjini unaufuata Mto Morogoro, unapita migomba, maharage na kabichi kwenye miteremko ambayo mimi nashindwa hata kusimama wima. Waluguru wanalima pale pale. Juu zaidi ndipo unapofika Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani, kisha msitu wa hifadhi kuelekea kilele cha Bondwa. Njia hiyo haikuchongwa kwa ajili ya raba zetu. Ni barabara ya watu kwenda sokoni, shuleni na hospitali. Sisi wa Jumamosi ni wapita njia tu.

Mtaniambia, ni picha tu, mbona unakuza mambo? Nakuza kwa sababu mtu aliyezoeleka kuondolewa kwenye picha ni rahisi kuondolewa na mlimani. Mito ya Uluguru inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Maji yaliposhuka mwaka 2021, na tena 2022, jiji likaingia kwenye mgao, nasi kwenye vijiwe vyetu tukanyoosha vidole juu: wakulima wanaharibu vyanzo! Ukame tukautaja kwa sauti ya chini. Mabomba yanayovuja mitaani kwetu hatukuyataja kabisa.

Sisemi wakulima hawana kosa. Nimeona mboga zimepandwa hadi ukingoni mwa maji, na nimeuona mto baada ya mvua, rangi yake kama chai ya maziwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na sababu yake naielewa. Lakini kwenye bonde jembamba, mita 60 kila upande zinaweza kumeza shamba lote la familia. Anayeambiwa asogee anasogea kwenda wapi? Juu yake kuna hifadhi. Chini yake kuna mji.

Amri za namna hii mlima unazikumbuka. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuokoa udongo. Kazi ilikuwa ngumu, na matuta yakafukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wakachachamaa, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Lengo halikuwa baya. Ubaya ni kwamba anayebeba jembe hakuulizwa, wala hakulipwa.

Njia nyingine ipo, na ilishajaribiwa huku huku. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha Uluguru mpango wa watumiaji wa maji wa bondeni kuwalipa wakulima wanaotunza ardhi huko juu. Kwangu huo ndio uungwana. Maji ya bombani yana bili. Kwa nini kazi ya kuyatunza yanakotoka iwe ya kujitolea, tena ifanywe na maskini kuliko wanywaji?

Kwa hiyo, wenzangu wa Jumamosi, tuache kwanza neno "isiyoguswa". Tununue ndizi njiani badala ya kupanda na biskuti na kushuka na mifuko mitupu ya plastiki tuliyoitupa mtoni. Na siku mjadala wa maji ukianza mjini, tuseme tuliowaona. Hatuwezi kupita katikati ya mashamba ya watu mwaka mzima halafu tukaulizwa tukasema tuliona miti na maporomoko.

Jumamosi ijayo tunapanda tena. Safari hii nitatangulia mimi, na nimeshawaambia: tukikutana na mwenye tenga, kamera zinashuka na sisi ndio tunaosogea kwenye utelezi. Mwenye mzigo apite.