KUKOSOA SI KUCHEKA

Ndugu mmoja wa hapa Mbweni, mwashi kwa kazi yake, alisimama mwezi uliopita mbele ya wanachama wenzake akasoma shairi alilolitunga mwenyewe. Hakufundishwa na mtu kutunga. Beti nne za mwanzo zilikuwa njema. Katika ubeti wa tano vina vilimponyoka, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Akaikunja karatasi yake, akaketi. Hapakuwa na mtu aliyemwambia kosa liko wapi. Mwandishi wa makala haya alikuwapo, naye alicheka.

Pwani hii hii yetu, ukishuka kusini, ndiyo iliyomzaa Siti binti Saad, kule Fumba, yapata mwaka 1880. Zama ambazo mabinti wa Mbweni walifunzwa katika shule ya misheni, ambayo leo ni magofu, yeye alifinyanga vyungu na kuvinadi kwa kuimba, hajui kusoma wala kuandika. Alihamia mjini mwaka 1911. Huko alipata wanamuziki waliomfunza kuimba pamoja na vyombo, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakavuka bahari hadi Bombay kutia sauti zao katika sahani za santuri.

Walikuwako pia waliomhusudu. Hao walimkejeli kwa wimbo, wakamtajia sura yake na ushamba wake. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si hoja mbele ya akili. Jawabu lilikuwa zuri, lakini kejeli ile haikuwa na neno hata moja la kumfaa mwimbaji. Waliomfaa ni wale waliomfunza.

Wapo watuambiao kwamba mtu aliyejifunza mwenyewe asikosolewe, asije akavunjika moyo. Apigiwe makofi tu. La hasha! Hiyo nayo ni dharau, tena yenye adabu. Mwashi akipindisha ukuta, fundi mwenziwe hampigii makofi wala hamcheki. Humpa timazi.

Basi, ndugu, twakuomba radhi, na deni letu ni hili: katika ubeti wa tano, mshororo wa tatu, kina cha kati ni “ma” mahali pa “mu”, na kipande cha kwanza kina mizani saba badala ya nane. Kosa jingine hatukuliona. Lete shairi lako. Nafasi yake katika ukurasa huu tumeiweka.