Kalamu Mpya ya Kasongo

Karne ya 19, mji wa Kasongo, mkoani Maniema, ulipokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, aliyejua kuandika ndiye aliyeshika daftari la biashara. Leo daftari hilo ni Excel.

Mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika eneo jirani la Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Hesabu za ghala na mishahara ya mgodi kama huo huwekwa kwenye kompyuta. Mtu mzima aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi na sasa anataka kazi ya aina hiyo ana akili ya kutosha; anachokosa ni mazoezi ya kibodi.

Aanze na kipanya, kuhifadhi faili, barua ya kuomba kazi, kisha majedwali. Afundishwe kwa Kiswahili, na maneno ya Kifaransa kwenye skrini yaelezwe moja moja.

Parokia, misikiti na shule zenye paneli za sola, fungueni milango jioni kwa mafunzo haya.