Tusiziue Pikapu kwa Oili Isiyofaa

Katika vitongoji vya Jiji la Dar es Salaam pikapu si chombo cha anasa. Ni jembe. Kuanzia Mbagala, Chamazi na Tandika katika Wilaya ya Temeke, hadi Tegeta, Bunju na Mabwepande katika Wilaya ya Kinondoni, gari hilo ndilo linalompelekea saruji na matofali anayejenga, ndilo linalofikisha mkaa na magunia ya viazi sokoni, na ndilo linalohamisha kitanda na kabati la mpangaji anapobadili nyumba. Nyuma ya kila pikapu ya kukodi zipo nyumba mbili zinazoitegemea, ya mwenye gari na ya dereva, na mara nyingi ipo ya tatu, ya utingo.

Kwa hiyo injini ya pikapu ikifa, hasara hiyo haimwangukii mtu mmoja. Na injini inaweza kufa kabla ya siku zake kwa jambo dogo lililomo mikononi mwetu wenyewe, yaani oili isiyostahili, au filta duni, au vyote viwili kuachwa mpaka vikapita muda wake. Maoni yetu ni kwamba uchaguzi wa oili na filta umeachwa kwa muda mrefu katika mikono isiyopaswa kuubeba: ya muuza duka anayetaka kumaliza shehena yake, na ya dereva ambaye jioni anadaiwa hesabu. Wa kuubeba ni mwenye gari, na yampasa aufanye kwa kujua, si kwa kusikia.

Hebu kwanza tutazame kazi ya oili. Hutandaza utando mwembamba kati ya chuma na chuma ili visisagane. Huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Husomba masizi na chembe za chuma na kuzipeleka kwenye filta. Tena, dawa zilizotiwa ndani yake huvunja nguvu ya asidi inayozalishwa na kuungua kwa mafuta. Dawa hizo hupungua kila siku gari linapotembea. Ndiyo maana oili inaweza kuwa imefika kwenye alama ya kijiti cha kupimia, na bado ikawa imekwisha nguvu. Kuongeza oili si sawa na kubadilisha oili.

Sasa tulitazame dumu lenyewe. Lina namba na lina herufi, na vyote viwili vimewekwa ili visomwe. Namba, kwa mfano 15W-40, hufuata kipimo cha chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kijulikanacho kama SAE. Namba ya kwanza, yenye herufi W, hueleza jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi. Namba ya pili hueleza uzito wake inapofikia nyuzi joto 100. Hapa kwetu, ambapo hata usiku wa Julai hauna baridi ya kutisha injini, hiyo namba ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi.

Ipo imani iliyoenea katika gereji zetu kwamba oili ikiwa nzito ndiyo bora, na kwamba mwenye oili namba 40 au 50 tupu hana la kuhofia. Imani hiyo haikuzuka bure. Injini kuukuu za dizeli za Toyota Hilux, kama vile 2L na 3L zisizo na tabo, ziliivumilia. Kwa injini za namna hiyo 15W-40 ni chaguo jema katika joto letu, na pale ambapo injini imechakaa na kuanza kula oili, 20W-50 inaweza kuisaidia kwa muda, ingawa haitaiponya. Lakini pikapu za miaka ya karibuni si za ukoo huo. Zina pampu za shinikizo kubwa, zina njia nyembamba za kupitishia oili, na tabo zake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja huku beringi zake zikitegemea oili hiyo hiyo. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika huko asubuhi injini inapowashwa, na kuchelewa huko hulipwa kwa chuma. Vivyo hivyo kwa kirikuu, ile pikapu ndogo ya petroli yenye injini ya sentimita za ujazo 660. Haifai kupewa oili ya lori kwa sababu tu jirani mwenye lori anaisifu.

Herufi nazo zina habari yake. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, huweka herufi S kwa oili ya injini za petroli na herufi C kwa injini za dizeli. Herufi inayofuata huonyesha kizazi. Kwa upande wa dizeli, CF-4 ilianza mwaka 1990, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa mwaka 2016. Madumu mengi hubeba alama za pande zote mbili. Mwenye pikapu ya dizeli akikuta dumu lenye herufi S peke yake, alirudishe rafuni hata kama bei yake inavutia, kwa kuwa oili hiyo haikuandaliwa kubeba masizi ya dizeli. Na ikiwa gari lake ni jipya na lina chujio la masizi katika ekzosi, basi kitabu cha gari kitataja oili maalumu yenye majivu machache. Hapo asibahatishe, kwani oili nyingine italiziba chujio hilo, na gharama ya kulibadilisha si ndogo.

Kitabu hicho ndicho mwamuzi. Hakuna fundi anayeijua injini kuliko aliyeitengeneza. Pikapu nyingi zetu zimenunuliwa zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo, na vitabu vyake ama havikuja au vimeandikwa Kijapani. Hiyo si sababu ya kukata tamaa. Namba ya injini imeandikwa kwenye gari, na kwa namba hiyo wakala wa vipuri anayejua kazi yake anaweza kupata aina ya oili, kiasi chake kwa lita, na namba ya filta inayostahili.

Tuje kwenye filta, kwa maana hapa ndipo wengi hujiibia wenyewe. Kopo la filta kwa nje huonekana ni lile lile, liwe zuri au bovu. Tofauti imefichwa ndani. Imo katika karatasi inayochuja, katika gundi inayoishika, katika mpira unaozuia oili kurudi chini gari linapozimwa, na katika vali ya dharura. Vali hiyo hufunguka filta inapoziba, ili injini isikose oili kabisa. Maana yake ni kwamba filta iliyoziba haisimamishi gari. Gari huendelea kutembea kama kawaida, lakini oili inayopita ni ile chafu isiyochujwa. Dereva haoni dalili yoyote mpaka siku injini inaponoki. Kwa hiyo kumwaga oili na kuiacha filta ya zamani ni sawa na kuoga na kuvaa tena nguo chafu. Tena filta isinunuliwe kwa kuwa tu skrubu yake imekubali kuingia. Filta mbili zinaweza kulingana kwa skrubu na kutofautiana kwa nguvu ya vali. Fundi aupake oili mpira wake, aikaze kwa mkono, asiikaze kwa rungu la spana.

Je, oili ibadilishwe baada ya muda gani? Vitabu vingi hutaja kilomita kwa matumizi ya kawaida, kisha hutaja kipindi kifupi zaidi, mara nyingi nusu yake, kwa matumizi magumu. Matumizi magumu, kwa mujibu wa vitabu hivyo, ni vumbi, mizigo mizito, safari fupi fupi na injini kuunguruma gari likiwa limesimama. Msomaji anayeijua barabara ya Kilwa saa za jioni, au njia za udongo za Chamazi na Mabwepande wakati wa kiangazi, atakubali kwamba hayo ndiyo maisha ya kila siku ya pikapu zetu. Gari lililokaa saa nzima kwenye foleni limechosha oili yake, na kipimo cha kilomita hakikuandika kitu. Ikiwa kitabu kinasema 10,000 kwa matumizi ya kawaida, sisi wa vitongojini tuhesabu 5,000. Wala tusiamue kwa rangi. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Weusi si ushahidi kwamba imeharibika, na wekundu si ushahidi kwamba ni nzima.

Tunajua jibu litakalotolewa. Watasema wenye magari kwamba oili bora ni ya matajiri. Hatukubaliani nao. Oili ya kawaida, isiyo ya bei ya juu, yenye namba na herufi zinazostahili, iliyo halisi na iliyobadilishwa kwa wakati pamoja na filta yake, itaihifadhi injini kuliko oili ya gharama kubwa iliyoachwa mpaka ikawa lami. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme oili na filta vinagharimu shilingi 100,000, na gari linatembea kilomita 100 kwa siku. Kilomita 5,000 ni siku 50. Kwa hiyo shilingi 2,000 zikiwekwa kando kila siku, siku ya hamsini fedha ipo mkononi. Mwenye gari ambaye hawezi kutenga kiasi hicho ajiulize atapata wapi fedha za kuchonga krenki na kununua pistoni mpya.

Ugumu wenyewe hauko katika fedha bali katika desturi ya hesabu. Dereva amepewa gari kwa makubaliano ya kuleta kiasi fulani jioni. Kinachozidi ni chake. Oili ni ya nani? Mwenye gari hudhani ni ya dereva, maana ndiye anayelitumia. Dereva hudhani ni ya mwenye gari, maana injini si yake. Katikati ya dhana hizo mbili injini hukauka. Si haki kumlaumu dereva kwa kununua oili ya bei ya chini kabisa wakati kila shilingi anayotoa inatoka katika chakula cha watoto wake. Ushauri wetu ni kwamba jambo hili liandikwe tangu siku ya kwanza. Oili na filta viwe juu ya mwenye gari, avinunue yeye mwenyewe, na tarehe na kilomita ziandikwe katika daftari linalokaa ndani ya gari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya dereva iwe kupima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kutoa taarifa.

Liko bado tatizo la oili bandia. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilipopungukiwa fedha za kigeni, shida yetu ilikuwa uhaba wa vipuri. Leo rafu zimejaa, na shida ni kutambua kilicho halisi. Oili iliyokwisha tumika huweza kuchujwa, ikatiwa rangi, ikajazwa katika dumu lenye jina kubwa. Mnunuzi ana silaha chache lakini zinafaa: anunue kwa wakala au kituo cha mafuta kinachojulikana, atazame lakiri ya kifuniko, adai risiti, na asishawishike na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine. Akishamimina oili, alitoboe dumu tupu. Dumu zima linalotupwa ndilo mtaji wa mlaghai. Na oili chafu isimwagwe mtaroni, bali ikusanywe na kupelekwa kwa wanaoruhusiwa kuichukua. Mitaro ya Temeke huelekea kwenye mito kama Kizinga, na maji ya mto huo huo huchukuliwa na mtambo wa Mtoni kwa matumizi ya wananchi.

Lakini si haki kumwachia mnunuzi mzigo wote. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani imepewa jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Tunavitaka vyombo hivyo viyafikie pia maduka madogo ya Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju, mahali ambapo mwenye pikapu hununua, na vitangaze hadharani vinapokamata, ili wananchi wajue ni madumu gani wajihadhari nayo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye pikapu ufa ni filta moja iliyoachwa, na ukuta ni injini nzima. Jembe hulindwa na anayelimia. Wenye pikapu wasome dumu kabla ya kulipa, waandike daftari, na wawaondolee madereva mzigo usio wao.