Kwa Walimu na Wazazi: Msemaji Naye Hufundishwa



Mwezi huu nataka kunena na wote wasimamao mbele za watu: mwalimu wa dini, mzee wa kanisa, baba aongozaye sala nyumbani, mama asemaye mbele ya akina mama wenzake. Naanza na kosa langu mwenyewe, asije mtu akadhani namnyoshea mwenzangu kidole.

Siku moja niliombwa kusema maneno machache mazikoni, katika kijiji cha pwani ya Ziwa Nyasa. Marehemu alikuwa mvuvi. Upepo wa mwera ulimkuta usiku, mtumbwi ukapinduka. Nikaona nimepata nafasi ya kuwaonya vijana juu ya pombe na uzembe. Nilisema kwa nguvu, tena kwa Kiswahili cha vitabuni, karibu saa nzima. Watu wakanyamaza kimya. Nikadhani neno limewaingia.

Jioni bibi mmoja mzee akaniita uani kwake, akanipa maji ya kunywa, akasema: “Mwalimu mwanangu, umesema vizuri, lakini hukusema nasi. Sisi wazee hatukufahamu hata nusu ya maneno yako. Na mjane amefahamu moja tu, ya kuwa mumewe alikuwa mlevi. Naye hakuonja pombe tangu abatizwe.”

Ndugu zangu, niliona haya. Mara moyo ukatafuta udhuru: sikumtaja mtu, bibi huyu hajui kusoma, yeye ni nani hata anifundishe? Lakini usiku ule sikupata usingizi, maana nilijua amesema kweli. Asubuhi nikaenda kwa mjane, nikaomba radhi mbele ya ndugu za marehemu. Alinisamehe, walakini neno likiisha kutoka halirudi. Ndiyo maana wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, habari za Apolo wa Aleksandria, msemaji hodari aliyeyajua sana Maandiko, ila katika ubatizo alijua ule wa Yohane tu. Priskila na Akila walipomsikia huko Efeso hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakumsengenya njiani. Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Tazameni: mwenye ufasaha alifundishwa na washona mahema, naye akakubali, kisha akawa msaada mkubwa kwa waamini wa Akaya.

Hata wazee wa Umatengo walijua jambo hili. Katika sengu wanaume wa ukoo walikula pamoja, wakazungumza mambo ya nyumba na mashamba, na vijana wakajifunza hapo adabu na maneno. Mtu hakujifunza kusema peke yake. Naye Arkidiakoni William Percival Johnson, aliyefariki Liuli mwaka 1928 baada ya kutumika kando ya Ziwa zaidi ya miaka 40, aliifasiri Biblia kwa Kinyanja. Kabla ya kuwa mwalimu wa watu, yampasa mtu kuwa mwanafunzi wa lugha yao.

Basi shikeni haya. Kabla ya kusema, ulizeni ni nani watakaoketi mbele yenu, na wana huzuni gani. Baada ya kusema, msiulize, “Je, nimesema vizuri?” kwa kuwa watu wetu wana adabu, watawajibu, “Ndiyo, Mwalimu.” Ulizeni, “Mmesikia nini?” Mwulizeni msomi mmoja, na mmoja asiyesoma; na nyumbani, mtoto wakati wa chakula. Mkiambiwa kosa, msijitetee. Shukuruni, mkaliandike daftarini, mlitengeneze hilo moja kwanza.

Nanyi mnaosikiliza, msimnyime mwalimu wenu kweli. Mwiteni faraghani, siku ile ile, mkamwambie jambo lenyewe kwa upole, kama bibi yule aliyenipa maji kwanza.

Tangu siku ile, kila nisimamapo humtafuta kwa macho mzee aketiye nyuma kabisa. Nikiona amefahamu, naendelea. Nikiona hakufahamu, narudia kwa maneno mepesi.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.