Umenunua Kesi, Si Kampuni

Kuna hadithi tamu sana kwa sisi tunaonunua hisa za Marekani kwa simu: kampuni ndogo imeibiwa wazo na kampuni kubwa, iko kortini, itashinda, na wewe uliyeingia mapema utalipwa nayo. Daudi na Goliathi, halafu wewe una asilimia kidogo ya kombeo. Wasee, hadithi hii inauzwa, na anayeiuza hulipwa hata Daudi akipigwa.

Chukua Vringo. Ilianza na milio ya simu ya video, biashara ambayo haikufika mbali. Mwaka 2012 ikaungana na kampuni iliyomiliki I/P Engine, ambayo mali yake kubwa ilikuwa hataza zilizotoka Lycos, ile injini ya utafutaji ya miaka ya tisini ambayo wengi wenu hamkuikuta. I/P Engine ilikuwa imeishtaki Google mwaka 2011 kwa jinsi AdWords inavyopanga matangazo. Kwa hivyo aliyenunua Vringo hakununua bidhaa wala wateja. Alinunua kesi.

Na watu walinunua. Hata bilionea Mark Cuban alichukua zaidi ya asilimia 7, na mwaka huohuo akatoa pesa za kupigania hataza za kijinga zifutwe. Tajiri anaweza kubeti pande zote mbili. Wewe ulikuwa na upande mmoja.

Novemba 2012, huko Norfolk, Virginia, jopo la wananchi likasema Google imekiuka hataza. Shangwe? Ngoja hesabu. Mawakili walikuwa wameomba mamia ya mamilioni ya dola. Jopo likatoa kama milioni 30, Google yenyewe ikibeba karibu nusu tu. Kwao hiyo ni pesa ya chai. Matumaini yakahamia kwenye mrabaha wa miaka iliyobaki, na Januari 2014 jaji akaupanga kuwa asilimia 6.5 ya sehemu ya mapato ya AdWords. Kikokotoo kikatoka mfukoni. Agosti hiyo, mahakama ya rufaa, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikasema wazo lenyewe halikustahili hataza. Fundi yeyote wa kazi ile angeliona. Hisa ikapoteza zaidi ya nusu ya bei siku hiyohiyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakataa hata kuisikiliza rufaa.

Mtaniambia Goliathi hushinda kwa sababu ana mawakili. Sawa, anao, na kampuni kubwa huiba mawazo, silikatai hilo. Ni kweli pia kwamba mmoja wa wabunifu wa hataza zile, Ken Lang, alikuwa ndani ya kampuni. Ndiyo maana hadithi ilikolea. Lakini kampuni yenyewe haikuwa mnyonge aliyeporwa kazi ya mikono yake. Iliuza hisa mpya, ikanunua hataza zaidi ya 500 za Nokia kwa dola milioni 22, ikaendelea kushtaki wengine. Kila hisa mpya inapunguza kipande chako. Mawakili hawapunguziwi chochote, na mishahara ya wakubwa haingoji hukumu.

Kinachoniudhi zaidi ni kile kiburi cha mwenye hisa mdogo aliyesoma kila hati ya korti. Anajua jaji ni nani, tarehe ni ipi, wakili alikohoa wapi. Huyo humcheka kijana mwenye mkeka wa mechi za Jumamosi, ati yule anacheza kamari na yeye anawekeza. Tofauti ninayoiona ni kwamba mkeka huisha baada ya dakika 90. Huu wake ulichukua miaka, na ujuzi wake wote haukumpa kura hata moja ndani ya chumba cha majaji.

Halafu hakuna anayekusimulia mwisho wake. Mwaka 2016 Vringo ilibadilisha jina ikawa FORM Holdings (naam, form, na hakukuwa na form), ikanunua XpresSpa, maduka ya masaji kwenye viwanja vya ndege, na mwaka 2018 ikachukua jina hilo. Yeyote aliyeshikilia hisa akingoja Google ianguke alijikuta anamiliki kipande cha biashara ya kukanda mabega ya abiria.