Kampuni nyingi za stima? Sawa, lakini sheria kwanza

Kila stima inapopotea mtaani, vijana tunaimba wimbo mmoja: ukiritimba wa Kenya Power uishe, kampuni zingine ziingie, bei ishuke. Sheria ya Kawi ya 2019 tayari ilifungua mlango huo. Naunga mkono, lakini kabla hatujashangilia tuangalie yaliyowapata watu wa Texas, Marekani.

Texas ina mafuta na gesi tele. Wakazi wengi huko huchagua kampuni ya kuwauzia stima jinsi sisi tunavyochagua laini ya simu. Februari 2021 baridi kali ikapiga. Vifaa vya gesi vikaganda, mitambo ikazima, na zaidi ya nyumba milioni 4 zikakaa gizani, zingine kwa siku kadhaa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246.

Kinachouma ni kwamba walionywa. Baridi ya 2011 ilizima mitambo vivyo hivyo, wataalamu wakashauri ikingwe. Ulikuwa ushauri tu, si amri. Kampuni inayolipwa kwa stima iliyouza pekee itatumiaje pesa kujiandaa kwa baridi inayokuja mara moja kwa miaka 10? Bei ya jumla nayo ilifika dola 9,000 kwa megawati-saa, na wateja waliokuwa wakilipa kwa bei ya soko wakaletewa bili za maelfu ya dola. Sheria ya kulazimisha maandalizi ilipitishwa baadaye mwaka huo, maji yakiwa yashamwagika.

Hatusemi kampuni moja ndiyo dawa. Agosti 25, 2023 Kenya karibu yote ilizimika, hata uwanja wa JKIA. Kwa kinyozi, fundi wa kuchomelea na mwenye saiba, kila saa gizani ni unga uliopotea.

Kwa hivyo tuidai EPRA mambo matatu kabla ya leseni mpya: ukaguzi wa mitambo na nyaya kila mwaka, faini inayouma kwa asiyejiandaa, na kikomo cha bei kwa nyumba za kawaida wakati wa dharura. EPRA ikiitisha maoni ya umma kuhusu stima, wenye kampuni hufika na mawakili wao. Sisi tunaonunua tokeni ya mia mbili pia tufike.