Uyoga usio na jina

Wiki iliyopita mtoto mmoja wa klasi yangu alileta ndani ya kaye uyoga mdogo kama kifungo cha shati, aliouokota juu ya majani yaliyooza. "Mwalimu, huu unaitwaje?" Sikujua. Nikauonyesha kwa mama mmoja anayeuza uyoga sokoni. Akacheka: "Huo hatuli, basi hauna jina."

Hata kwa wataalamu, vile vidogo vinavyoozesha majani ya msituni ndivyo vingi visivyo na jina bado, hasa kwenye misitu ya ukungu kama ile ya milima ya Itombwe. Aina haihesabiwi mpya mpaka mtu aielezee kwa maandishi, aipe jina na kuhifadhi mfano wake mkavu ili wengine waulinganishe.

Hapa kwetu Kongo kazi hiyo ilisaidiwa sana na mwanamke, Bibi Goossens-Fontana, wakati wa Wabelgiji. Aliokota uyoga na kuuchora kwa rangi ungali mbichi, kwa sababu ukikauka rangi hupotea. Mtaalamu Beeli aliutolea majina, na mwaka 1935 kikaanza kutoka kitabu cha picha za uyoga wa Kongo. Upo uyoga unaobeba jina lake: Cantharellus goossensiae. Mimi najiuliza ni wamama gani waliomwonyesha njia porini.

Klasini tulijaribu hatua moja ya wataalamu. Kata kofia ya uyoga, ilaze juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli mpaka asubuhi. Utakuta unga umeanguka: mweupe, wa waridi, wa kahawia au mweusi. Wetu ulikuwa mweupe. Kisha mikono yote kwa sabuni!

Lakini sikieni vizuri: rangi hiyo haisemi kama uyoga unalika. Kuna uyoga wenye sumu isiyoisha hata ukiuchemsha mara mbili, na tumbo huanza kuuma baada ya saa 6 au zaidi, watoto wote wameshakula. Mtu akiugua, mpelekeni kituo cha afya upesi pamoja na mabaki ya uyoga, hata maganda.

Kwa wiki ijayo, waulizeni bibi zenu majina ya uyoga wanaoujua, kwa Kirega, Kikusu au Kizimba, na mahali unapoota. Niletewe shuleni, watoto watachora.